Chaneli 48 Ilikuwa Tupu

Jumatatu, 2 Machi

Kwa miaka ishirini na miwili nimeficha jambo kuhusu karatasi moja. Karatasi yenyewe sikuifungia kabatini. Iko mahali pake, kwenye faili la ofisi niliyoitumikia mpaka nikastaafu, na mwenye ruhusa anaweza kuisoma kesho asubuhi. Nilichoficha ni kwamba inasema uongo. Ni fomu ya vipimo vya masafa. Kwenye mstari wa chaneli 48 nimeandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, "Inatumika", nikatia sahihi. Chaneli 48 ilikuwa tupu.

Leo daktari wa moyo amenisikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akasema tutaangalia tutafikaje mwisho wa mvua. Nimemshukuru moyoni kwa kusema "tutafikaje", kana kwamba safari ni yetu wote wawili.

Daftari hili amenipa mjukuu wangu. Anataka niandike kumbukumbu za kazi, kwa sababu kazini kwao wananiita Babu Masafa na vijana hawajui kwa nini. Nitaandika. Ila sitaanza na zile anazozitaka.

Jumatano, 4 Machi

Joto. Mawingu yanajikusanya, halafu yanatawanyika kama watu walioambiwa mkutano umeahirishwa. Mkwe wangu amepunguza chumvi mpaka mboga zina ladha ya daktari. Nimezila zote. Alizipika akiwa amesimama, baada ya kusimama kutwa nzima dukani. Mwanangu, ambaye kazi humrudisha nyumbani mara mbili kwa mwaka, alioa vizuri kuliko alivyostahili, na namshukuru kwa bahati yake, maana ninayeila ni mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Kamanda alikuja saa nne kamili, kama kila Alhamisi. Alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha mji huu. Sasa ana miaka sabini na sita, sikio la kushoto limekufa, lakini bado huchagua kiti kinachotazama mlango. Tunacheza drafti kwa vizibo vya soda. Yeye huniita Mhandisi, na husema hata kizibo nakipima kabla ya kukisukuma. Mimi humwambia anacheza kama anayezima moto, anamwaga vyote mara moja.

Kati ya mchezo wa kwanza na wa pili alisema kile anachokisema kila Alhamisi.

"Ningemweka mtu wangu nyuma. Mmoja tu."

Lazima nieleze. Mwaka ule wa fomu mvua zilikuwa kubwa. Mwezi wa tano paa la ghala la nafaka nyuma ya soko liliporomoka mchana, wapagazi wakabaki ndani. Kikosi cha Kamanda kiliingia kwa mlango wa mbele kuwatoa. Polisi walikuwa barabara ya nyuma, wanazuia watu. Askari mmoja wa polisi kule nyuma akaona ukuta unafunguka ufa kuanzia juu. Mkononi alikuwa na redio, lakini redio ile iliongea na polisi wenzake tu. Zimamoto walikuwa na masafa yao, magari ya wagonjwa yao. Kwa hiyo askari alikimbia. Alizunguka ghala lote kwenye tope, akipiga kelele ambazo mvua ilizimeza. Ilimchukua dakika nne. Ukuta ulianguka kwenye dakika ya tatu. Walitoka wote isipokuwa zimamoto mmoja, ambaye wenzake walimwita Ngazi kwa urefu wake.

Kamanda anaamini Ngazi alikufa kwa sababu yeye hakuweka mtu wa zimamoto nyuma ya jengo. Ameamini hivyo tangu siku ile. Nami tangu siku ile namsikiliza. Leo tena nimesukuma kizibo changu, nikanyamaza.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeingia saa tisa alasiri, bila hodi. Nashukuru kwa harufu yake.

Alhamisi, 12 Machi

Kamanda kanishinda michezo miwili. Kasema lilelile. Nimesukuma kizibo.

Jumamosi, 14 Machi

Sijaandika bado nilivyomfahamu Kamanda.

Ilikuwa Machi ya mwaka uleule, miezi miwili kabla ya ukuta. Aliingia ofisini kwetu na barua aliyoipiga chapa mwenyewe, yenye makosa matatu. Alikuwa ameahidiwa redio arobaini za majaribio, za kugawana zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa, ili wote wasikilizane. Alichokosa ni masafa ya kuziwasha. Siku zile televisheni zote zilikuwa za antena, zimejaa angani kama nguo kwenye kamba, lakini katika mji wetu chaneli 48 haikuwa imepewa kituo chochote. Aliomba aitumie msimu mmoja tu wa mvua.

Mimi nilikuwa mkuu wa kitengo cha vipimo. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Unapanda na gari la vipimo mpaka kilima cha tangi la maji, unasimamisha antena ya mita kumi, unasikiliza asubuhi, mchana na jioni. Usiposikia kitu unaandika "Tupu", na mwombaji anapewa masafa yake.

Sikupanda kilima. Nilipima kutoka kwenye paa la nyumba yangu. Pale nilikuwa na mlingoti wa mita ishirini na mbili wenye busta ya kukuza ishara, na nilipima jioni peke yake, saa moja na nusu, nikijua vizuri nitakachosikia. Nyumba yangu, katika mji mzima, ndiyo pekee iliyokamata kituo cha nchi jirani kwenye chaneli 48. Redio za waokoaji zingewashwa pale, picha ile dhaifu ingezama kwenye chenga. Kwenye fomu nikaandika: mahali pa kipimo, kilima cha tangi la maji. Hali: Inatumika. Kisha nikamwandikia Kamanda barua ya masikitiko. Yangu haikuwa na kosa hata moja.

Jumapili, 15 Machi

Kuandika ya jana kumenichosha kama kupanda kilima chenyewe. Nimelala kutwa. Mkwe wangu kaongeza mto wa tatu mgongoni, nikapumua. Vitu vidogo hivi vimekuwa neema kubwa.

Jumatano, 18 Machi

Nani alikuwa anaangalia kituo kile? Mke wangu.

Mlingoti niliusimamisha kwa ajili yake. Figo zilimlaza mwaka mzima na zaidi, na dirisha la chumba chetu lilitazama ukuta wa jirani. Kituo cha nchi jirani kilikuwa na mchezo wa kuigiza kuhusu familia yenye hoteli ndogo kwenye stesheni ya treni, na dada wawili wanaogombea funguo. Lugha yao mke wangu aliielewa nusu. Nusu nyingine alijitungia, na alitunga vizuri kuliko wenye mchezo. Kila jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda, akanieleza nani anamdanganya nani na kwa nini atajuta. Mara nyingine picha iligoma, nikapanda juu ya paa kugeuza antena, naye ananielekeza kwa kugonga ukuta: mara moja, kushoto, mara mbili, acha hapohapo.

Nilifanya kazi ya masafa miaka thelathini na minne, na hakuna ishara niliyoipokea ikanifurahisha kama ile. Nashukuru kwamba nilikuwa fundi. Mume mwingine angemletea machungwa tu.

Jumatatu, 23 Machi

Leo mtandao mpya wa waokoaji umewashwa katika mji wetu. Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye chumba cha mawasiliano, mahali ambapo simu zote za dharura zinaingia. Alirudi saa nane na sare bado mwilini, akakaa kwenye mkeka mbele ya kiti changu, akaanza kunifundisha mambo niliyoyaandika mimi. Sikumkatiza. Ana namna ya kusema "mchumba wangu, sikiliza" inayofanya mtu akubali kufundishwa jina lake mwenyewe.

Aliyonieleza ni haya, kwa lugha yake: televisheni zilipohamia dijitali zilibanana kwenye nafasi ndogo, zikaacha uwanja mkubwa. Kampuni za simu ziliutaka wote. Lakini kipande kimoja kikawekwa kando kwa ajili ya zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa, na sasa askari aliye darajani anaweza kuongea na dereva asiyemjua, kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kipande hicho nilikipigania miaka tisa. Baada ya maziko ya Ngazi, ambako nilisimama nyuma ya watu wote na Kamanda akanifuata kunishukuru eti mtu wa ofisi nimekuja, nilirudi kazini nikawa kero. Kila kikao nilichoingia nilisema kuhusu waokoaji. Niliandika kurasa arobaini, zikapotea. Niliziandika tena. Wakubwa walikuwa wakiniona mlangoni wanatazama saa. Mwishowe walikubali, nadhani kwa kuchoka. Wenzangu walidhani ni moyo wa kazi. Kamanda alidhani hivyohivyo, ndipo akaanza kuja kila Alhamisi.

Kipande kinaanzia palepale chaneli 48 ilipokuwa. Sikukichagua mimi. Kilitokea hivyo kwenye ramani ya masafa, na niliitazama ramani ile siku nzima.

Alhamisi, 26 Machi

Kamanda kaja na keki kusherehekea mtandao. Ina sukari nyingi, mkwe wangu kaikamata mlangoni kama mtu wa forodha. Tumekula kipande kimoja, sisi wawili. Kamanda alininyooshea uma akasema mimi ndiye niliyewapa sauti. Halafu akasema lile la mtu mmoja nyuma.

Alhamisi, 2 Aprili

Alikuja. Tumetoka suluhu.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua siku ya nne bila kupumzika. Nami pia kupumua kumekuwa kazi yenye zamu. Daktari kaongeza vidonge vya kutoa maji mwilini, kwa hiyo natembea kwenda msalani mara nyingi kuliko nilivyowahi kutembea kwenda kazini. Mkwe wangu ananishika kiwiko. Leo aliniambia, "Baba, usiseme asante kila hatua, tutachelewa kufika." Nikasema asante.

Jumanne, 14 Aprili

Jambo kubwa leo. Nitaliandika kama mjukuu wangu alivyolisema jioni, amesimama jikoni na viatu vyake mkononi kwa sababu vilikuwa vimejaa maji.

Saa tano asubuhi gari la wagonjwa lilikuwa linatoka upande wa pili wa mto, limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa nzito, dereva anaona mita chache mbele. Askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama upande wetu, kwenye mwanzo wa daraja la zamani, akaona nguzo ya katikati inakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti. Hakumjua dereva. Hakujua hata kama kuna gari. Alibonyeza kitufe akasema kwa wote.

"Yeyote anayekuja darajani, simama. Daraja linakwenda."

Na sauti ya mwanamume mwingine, tulivu kabisa, ikajibu, "Gari la wagonjwa. Nimesimama."

Mjukuu wangu alikuwa na vipokea sauti masikioni na hakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililomshangaza. Alisema, "Babu, mimi nilikuwa nasikiliza tu. Walishamaliza wenyewe kabla sijafungua mdomo." Daraja lilikwenda sekunde chache baadaye. Mtoto amezaliwa ndani ya gari, upande uleule, ni wa kike, wote wazima.

Nilimwomba mjukuu anirudie yale maneno. Akayarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akaniambia mchumba, utanichosha, akanibusu utosini, akaenda kuoga.

Nimekaa na maneno yale mpaka taa zimewashwa. Kwa dakika moja leo nilikuwa na furaha safi, isiyo na doa. Halafu nikahesabu yalichukua muda gani kusemwa. Sekunde nne. Askari wa ghalani alihitaji sekunde nne, si dakika nne.

Alhamisi, 16 Aprili

Kamanda alikuja kabla ya saa nne. Vijana wa zimamoto wamemsikilizisha sauti zilizorekodiwa. Aliketi na kofia yake magotini, akalia, mzee mzima, bila kujificha. Alinishika mkono akanishukuru. Alisema nimezaa mtoto wa yule mama. Nikajaribu kucheka.

Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka hii yote hajawahi kuniambia. Mama yake Ngazi bado yu hai, amepita themanini. Kila mwaka, mvua zikiisha, Kamanda huenda kwake, huketi kwenye stuli mlangoni, na kumwomba radhi upya. Mama husema yamekwisha. Mwaka unaofuata Kamanda anakwenda tena, kwa sababu anaona bibi anasema kwa adabu tu.

"Mwaka huu nitamwambia kuhusu hizi redio," alisema. "Nitamwambia siku ile hazikuwepo, hilo halina mtu wa kulaumiwa. Lakini mtu wa kumweka nyuma nilikuwa naye, nikamtuma mbele. Hilo ni langu."

Nilifungua mdomo. Niliomba maji. Aliinuka yeye mwenyewe, na magoti yake yanayouma, akaniletea.

Ijumaa, 17 Aprili

Sikulala vizuri. Nimejiambia kwamba nikifa kabla ya Alhamisi, nitakuwa nimemwacha mtu pale mlangoni kwenye stuli mpaka naye afe. Nikimwambia, nitapoteza Alhamisi zangu, na sina kingine kinachokuja nyumbani kwa miguu yake kunitafuta. Niliweka haya mawili kwenye mizani siku nzima, nikaona aibu kwamba mizani ilichukua siku nzima.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Miguu. Uji. Asante.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa anamimina vizibo kutoka kwenye kopo. Nikamwomba asivipange kwanza. Nilimweleza fomu, kilima ambacho sikukipanda, paa la nyumba yangu. Nilisema kwa utaratibu, kama ripoti, kwa sababu pumzi zangu ni chache na nilizigawa mapema. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali, na sauti ilikuwa ile ya kazini.

"Mlingoti mita ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Sheria inasemaje?"

"Kumi."

"Kilimani ungesikia nini?"

"Hakuna. Tupu."

"Kwa hiyo redio zangu arobaini zingefanya kazi."

"Zingefanya kazi."

"Na yule polisi ningemsikia."

"Kabla hajaanza kukimbia, Kamanda."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Kisha akauliza nyumbani kulikuwa na nini cha thamani hivyo. Nikamweleza mke wangu, figo, kitanda, hoteli ya stesheni, dada wawili, kugonga ukuta. Kila neno nililomwambia lilikuwa la kweli.

Alirudisha vizibo kwenye kopo kimoja kimoja, akakandamiza kifuniko. Chai hakuigusa. Mlangoni alisema, bila kugeuka, kwamba mvua itaongezeka, nimwambie mkwe wangu aanue nguo.

Ijumaa, 24 Aprili

Kweli iliongezeka.

Alhamisi, 30 Aprili

Saa nne. Saa nne na nusu. Saa tano mkwe wangu aliingia, akaona kiti kinachotazama mlango, akakirudisha mezani bila kuniuliza. Mchana aliniletea ndizi iliyopondwa na kuketi nami muda ambao hana. Namshukuru mpaka sijui niuweke wapi huu mzigo wa shukrani.

Jumapili, 3 Mei

Mjukuu wangu kauliza Kamanda yuko wapi. Nimesema tumekosana kwenye mchezo. Akasema wazee wawili, vizibo ishirini na nne, na bado haviwatoshi.

Alhamisi, 7 Mei

Amekuja.

Hakuketi mara moja. Alisimama katikati ya chumba na mwavuli unachuruzika. Alisema kwa wiki mbili alikuwa na hasira ambayo hakujua kama mwili wake bado unaweza kuibeba, na kwamba Jumapili alifika mpaka kona ya mtaa huu na fimbo, akarudi kwa sababu aliona aibu kumpiga mtu mwenye mito mitatu. Nikacheka, na kicheko kikawa kikohozi, naye akanipiga mgongoni mpaka kikatulia. Kwa hiyo fimbo haikupotea yote.

Kisha akaketi.

"Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya ukuta ule, Mhandisi. Sasa umenitoa, na sijui nisimame wapi."

Akaendelea mwenyewe. Alisema naye alimuuguza mkewe, anajua mtu mwenye mgonjwa ndani anavyofikiri, kwamba mji mzima unapumua kwa pua ya yule mgonjwa mmoja. Alisema ningekuwa nimefanya kwa rushwa angenitemea mate.

"Kwa ajili ya mgonjwa," alisema, "nakuachia."

Nilimshika mkono. Niliupokea msamaha ule wote, kwa mikono miwili, na sikusema kitu.

Aliomba jambo moja. Niandike barua kwa mama yake Ngazi, na nakala kwa ofisi iwekwe kwenye faili juu ya fomu ile. Ataipeleka mwenyewe, bila kungoja mvua ziishe. Halafu tukacheza. Alinishinda.

Jumapili, 10 Mei

Vidole vyangu haviandiki barua ya kutumwa, vinafaa daftari tu. Kwa hiyo mkwe wangu alikaa na karatasi, nami nikasema. Nilikuwa sijamwambia lolote kati ya haya. Aliandika bila kuinua uso: fomu, tarehe mbili Aprili, kilima, paa. Tukafika kwenye sababu. Nikasema, "ili mke wangu, aliyekuwa mgonjwa kitandani, aendelee kuangalia."

Kalamu ilisimama.

"Baba, fomu umesema ya lini?"

"Tarehe mbili Aprili."

Alitazama mlango ambao mjukuu wangu alikuwa ametoka dakika chache kabla, kwenda zamu.

"Huyu nilimzaa Machi ya mwaka ule," alisema. "Na Mama hakumwona."

Alifunika kalamu, akaweka karatasi mezani ikiwa imeishia katikati ya sentensi, akaenda kuleta beseni. Aliniosha miguu kama kila jioni, kwa maji ya moto uleule, akaikausha katikati ya vidole. Ningependa kuandika kwamba alikasirika. Ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Hakuna sentensi ndani yake ninayoweza kuikanusha mahakamani. Nilizipanga tu. Tarehe 18 Machi nimeandika nani alikuwa anaangalia, nikamwacha msomaji aunganishe na tarehe 14. Nilikuwa fundi mzuri wa fomu, na ufundi haujaniacha.

Jumanne, 12 Mei

Mkwe wangu alimpigia Kamanda simu, akamwambia Baba anakuomba leo, si Alhamisi. Alifika kwa haraka akidhani ndiyo mwisho wangu. Alikuta nimekaa wima, nimenyolewa ndevu na mjukuu wangu, ambaye nilimwomba naye abaki asikie.

Nilisema sentensi moja. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ili pumzi itoshe.

Kamanda aligeuza kichwa, akaleta sikio lake zima, akaniomba niirudie. Nikairudia. Hakusema tena kwamba ananiachia. Hakusema kwamba anauondoa msamaha wake. Alitazama kopo la vizibo. Mjukuu wangu aliweka mkono wake juu ya goti langu na hakuutoa. Mkwe wangu akachukua karatasi mpya, na barua ikaandikwa upya, safari hii nzima. Niliweka sahihi. Kamanda alingoja wino ukauke, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na kutoka. Anakwenda kwa yule mama kesho asubuhi.

Sijui kama Alhamisi atakuja. Nashukuru alingoja wino. Nashukuru kwa watatu hawa waliosikia na hakuna aliyetoka chumbani kabla sijamaliza. Mvua imekatika, mara ya kwanza kwa siku tisa, na mkwe wangu anaanika mashuka.

Sentensi yenyewe naiandika hapa pia, nisije nikaipanga tena vingine: siku nilipoandika "Inatumika", mke wangu alikuwa na wiki saba kaburini, na aliyekuwa anaangalia kituo kile kila jioni, peke yake, nilikuwa mimi.